Bakuli Tupu la Mwalimu Ouyang

Watu wote walikuwa wameshaweka vijiti vyao vya kulia mezani wakati bakuli moja lilipogongwa tena.

Ting.

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka mwisho wa meza ndefu, upande wa dirisha, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala bakuli. Qiu Manrong, aliyekaa karibu na mlango ili apate kutoka upesi, aligeuza shingo kutazama. Aliona benchi tupu, na nyuma ya benchi dirisha, na nje ya dirisha ukungu ukipanda taratibu kutoka kwenye msitu wa mianzi. Wenzake hawakuona chochote kwa sababu walikuwa wamefumba macho. Walikuwa wameagizwa kufumba macho, na hawa walikuwa watu wa kutii lolote ilimradi lisemwe kwa sauti ya chini.

Aliyeagiza alikuwa mumewe, Ouyang Kejian. Miaka michache nyuma mtu huyu alikuwa akifundisha somo la biashara kwenye chuo kimoja mjini Hangzhou, ana kitambi na gari la mkopo. Kisha akasoma vitabu viwili vitatu vyembamba, akanunua majoho ya kitani rangi ya majivu, akaanza kuongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kampuni fulani ya utalii ilikuwa imekodi nyumba za wageni za Hekalu la Kuzhu, huko juu milimani ambako mvua haina adabu, na ilikuwa inatafuta mtu wa kuwafundisha matajiri wa mjini namna ya kukaa kimya. Kejian, ambaye hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe, akaonekana anafaa.

Somo lake lililopendwa kuliko yote aliliita Kuamsha Bakuli. Wageni walikaa mezani saa ya chakula cha mchana, kila mtu na bakuli lake tupu, wakaligonga kwa vijiti polepole ili waisikie njaa yao. Baadaye waliletewa mboga kidogo, ambazo walizitafuna kwa uso wa mtu anayesikiliza habari za msiba.

Sasa, hakuna mtoto aliyelelewa na bibi katika nchi ile ambaye hajawahi kuchapwa vidole kwa kugonga bakuli. Kugonga bakuli ni kazi ya ombaomba. Tena ni mwito. Wapo wafu wasio na mtu wa kuwawekea chakula, wenye matumbo kama ngoma na koo nyembamba kama sindano, ambao watu wakiwataja huwaita tu wenye njaa, kwa sauti ya chini. Hao wakisikia bakuli linagongwa wanajua wamekaribishwa mezani. Manrong alichapwa na bibi yake. Kejian alichapwa na mama yake, na kovu dogo bado lilikuwa juu ya kidole chake cha shahada. Lakini Kejian aliwaambia wageni kwamba hizo ni hofu za vijijini, na kwamba mtu aliyeamka hugonga palepale alipokatazwa. Wageni waliitikia kwa vichwa. Kulikuwa na kitu kitamu sana katika kuvunja mwiko baada ya kulipia nafasi ya kuuvunja.

Manrong hakugonga. Alikuwa mhandisi wa maji, mwanamke wa pampu na vipimo, na hakuamini mambo ya wenye njaa hata kidogo. Lakini mtu anaweza kutoamini na bado asikubali kulala kwenye jeneza kwa sababu tu ni laini.

Wala hakuja Kuzhu kutafuta kimya. Alikuja kumwambia Kejian kwamba ndoa yao imekwisha. Alitaka kumwambia ana kwa ana, maana kumwacha mtu kwa simu aliona ni uhuni, na alikuwa anangoja tu dakika moja ambayo mwanamume huyo angekuwa hana watazamaji. Siku zilipita, na dakika hiyo haikuja.

Ting, likagongwa bakuli lisilokuwepo. Kejian, macho yamefumbwa, akatabasamu.

"Bado yuko anayeendelea," alisema. "Vizuri. Asiharakishe."

*

Mbele ya jumba la kulia hapo zamani palikuwa na jiwe lenye kimo cha kiuno, limechongwa shimo dogo juu. Watawa wa kike wa Kuzhu, kabla hawajaonja chakula chao, walikuwa wakiweka humo punje chache za wali na kuzisomea, ili ziweze kupita kwenye zile koo za sindano. Lilikuwa hapo tangu kabla ya ule mti wa ginko uani, na ginko lenyewe lilikuwa kongwe kiasi kwamba limeegemezwa kwa vyuma. Kejian aliona jiwe limekaa vibaya kwa picha. Akaagiza lihamishiwe chini ya mti, shimo lake likatiwa vichwa vikavu vya yungiyungi, na wageni wakawa wanajipiga picha hapo wakitazama mbali, kana kwamba kuna mtu anawachelewesha.

Mtawa aliyebaki na ufunguo wa hekalu, Huixin, mwanamke mzee mwenye magoti mabovu na ulimi usio na subira, alilalamika. Akapewa seti ya vikombe vya chai.

Harufu ndiyo iliyoanza. Manrong aliisikia alasiri moja akipita nyuma ya jiko: wali ulioungua, ule wa chini ya sufuria kabisa, na ndani yake kitu kama nywele zilizoguswa na moto. Aliingia kutazama. Majiko yalikuwa ya baridi, masufuria yameinamishwa, mpishi amekwenda kuoga. Alipofungua stoo ya mchele akamkuta mumewe amechuchumaa mle ndani, mikono yote miwili ndani ya gunia, anatafuna mchele mbichi.

Hakushtuka. Alimtazama mkewe kwa macho yasiyomtambua vizuri, akameza, na Manrong akaiona shingo ile ikihangaika, ikipanda na kushuka, kama bomba lenye kizibo. Akamuuliza anafanya nini. Akajibu, na ile sauti yake ya semina ikarudi mara moja, kwamba anaichunguza njaa.

Ilionekana njaa nayo inamchunguza. Kila siku Kejian alipungua. Joho lilianza kumning'inia, mashavu yakaingia ndani, tumbo likawa linajitokeza mbele, gumu na la mviringo, na juu ya yote hayo shingo ikawa inazidi kuwa nyembamba na, kama Manrong hakukosea, inazidi kuwa ndefu.

Wageni walifurahi kupita kiasi. Walimpiga picha akiwa amesimama kando ya maporomoko ya maji, mifupa ya uso ikiwa imetoka vizuri. Aliyeongoza furaha hiyo alikuwa Zuo Peixian, mwenye maduka ya kuondoa makunyanzi mjini Ningbo, mwanamke aliyekuwa na shanga za kusalia kwenye mikono yote miwili na simu kwenye mkono wowote uliokuwa wazi. Yeye ndiye aliyekuwa akirekodi Kuamsha Bakuli kila mchana.

"Dada Manrong, usihuzunike," alimwambia njiani, akimshika kiwiko. "Mwalimu anauacha mwili."

"Mwili ndio unamwacha yeye," Manrong alisema. "Na wewe unapiga picha."

Peixian aliguswa na jibu hilo. Aliomba ruhusa ya kulitumia.

Siku hiyohiyo Manrong alimpakia mumewe kwenye gari akampeleka hospitali ya wilaya. Walimpima damu, wakamtazama koo kwa kamera, hawakuona ubaya wowote. Wakamtundikia maji na kumwambia ale. Manrong alitoka kutafuta uji. Aliporudi kitanda kilikuwa kitupu na sindano inadondosha maji sakafuni. Mwalimu alikuwa amepanda teksi kurudi mlimani. Alikuwa na kipindi mchana.

Manrong alimkuta chumbani. Kipindi kilikuwa kimekwisha, ukungu umejaa ua mpaka ginko limebaki kivuli, na kutoka kwenye mianzi kulikuwa na sauti ya kugongana, tok, tok, tok, ile sauti ambayo mianzi huitoa siku za upepo. Hakukuwa na upepo. Akakaa kitandani, akachukua kijiko, akamlisha uji kama anavyolishwa mgonjwa, akimlaumu moyoni kwa kila kijiko, maana mtu uliyekusudia kumwacha hana haki ya kuugua. Ukimwacha anayekufa, mama mkwe atakusema mpaka kaburini. Na zaidi ya mama mkwe kulikuwa na jambo jingine ambalo hakupenda kulikubali: hakutaka afe. Alitaka awe mbali, mzima, mwenye kitambi, akimchosha mwanamke mwingine.

Kejian alipaliwa. Aliinama na kutema kwenye kiganja cha mkewe.

Kilichomtoka hakikuwa uji. Zilikuwa punje za wali nyeusi, zimeungua mpaka ndani, na zilikuwa za moto kiasi kwamba Manrong alizitupa sakafuni na kubaki akitazama ngozi yake ikianza kuvimba. Yeye, aliyepima joto la maji maisha yake yote, alijua hasa ni moto wa kiasi gani unaofanya vile, na alijua hakuna kinywa cha mtu hai kinachoweza kuwa nao.

Chini ya kitanda, polepole, kitu kilianza kuziokota zile punje. Aliusikia ulimi ukiburuzwa juu ya ubao.

*

Huixin alikuwa chumbani mwake anamenya maharage huku akitazama tamthilia kwenye simu. Hakuizima Manrong alipoingia.

"Bibi Mtawa, mume wangu anakufa."

"Najua. Mimi nilidhani umekuja kumwacha."

"Nani amekwambia?"

"Mwanamke akija kwa mumewe haji na begi dogo vile." Akasukuma bakuli la maharage upande wake. "Menya. Mkono huo umeungua? Basi menya kwa huo mwingine."

Manrong akamenya. Akaeleza yote, mchele mbichi, shingo, punje za moto, ulimi. Alieleza kama anavyoeleza hitilafu ya mtambo, na kwa kuwa alieleza hivyo hakulia. Mtawa alimsikiliza huku jicho moja liko kwenye tamthilia, na alipomaliza alisema hakuna la ajabu hapo. Mwezi wenyewe ni wa saba wa kalenda ya zamani, mwezi ambao wafu huachiwa kutembea na hata wasioamini hawapendi kuhamia nyumba mpya, na mtu mzima anaketi mezani kila mchana akigonga bakuli.

"Ameita watu waje kula, akawaonyesha bakuli tupu," alisema. "Na jiwe lao amelifanya chombo cha maua. Wewe ungealikwa hivyo, ungeondoka?"

"Nisingeondoka."

"Basi. Na wao wana njaa kuliko wewe."

Dawa yenyewe, alisema, haikuwa na siri. Jiwe lirudi mahali pake. Wali upikwe, mwingi. Kejian awawekee kwa mkono wake mwenyewe na aseme ukweli: kwamba aliwaita akiwa hana kitu, na alijua. Kusoma atasoma yeye Huixin. Kusoma ni rahisi. Huo ukweli ndio uliomtia mashaka, kwa namna alivyomwona mwanamume mwenyewe.

*

Lilipohamishwa jiwe, wageni walitoka kutazama. Lilipowekwa mbele ya jumba la kulia, jua likiwa limeshaingia nyuma ya mlima, walikuwa tayari wamejipanga nusu duara, majoho yamenyooshwa, simu zimeinuliwa. Hakuna aliyewaalika. Peixian alikuwa amewaambia kwamba Mwalimu atatoa sadaka ya machweo.

Kejian aliletwa ameshikwa mabega. Hakuweza tena kugeuza kichwa bila kukishika kwa mkono. Lakini alipoziona simu kitu ndani yake kilinyooka. Alichukua bakuli la wali, akasubiri Huixin apige kengele yake ndogo na kuanza kusoma, akaongea. Alisema kwamba sisi sote ni wenye njaa. Alisema kwamba bakuli tupu ndilo bakuli lililojaa. Sauti ilimtetemeka mahali panapostahili, chozi lilishuka shavuni upande wa kamera, na akamwaga wali kwenye jiwe kwa ishara pana ya mkono.

Wali ukawa mweusi kabla haujatulia. Moshi mwembamba ukapanda, na ile harufu ikawafikia wote, nywele na moto. Wageni waliguna kwa kuridhika.

Huixin aliacha kusoma.

"Anahutubia," alisema, na akaketi kwenye ngazi kusugua magoti yake.

Manrong aliwatazama wale watu, shanga zao, nyuso zao za upole uliolipiwa, na akahisi dharau safi kabisa, dharau iliyompa nguvu kama chakula. Akaongea kwa sauti ya chini, kwa kuwa ndiyo waliyoitii. Akawaambia kwamba kule kwenye maporomoko, dakika hizi, mwanga umekaa vizuri ajabu kwa picha, na hautadumu. Walitazamana. Wakaondoka, kwanza kwa heshima, kisha mbio. Peixian ndiye aliyetangulia.

Ua ukabaki na watu watatu na jiwe.

Ndipo ukungu ukashuka, si kama unavyoshuka siku zote kutoka kileleni bali kutoka pande zote, ukimeza ginko na vyuma vyake, ukimeza ngazi na taa ya lango, na ndani ya ukungu ile mianzi ikaanza tena, tok, tok, na tok ikageuka ting, na ting moja ikajibiwa na nyingine, karibu zaidi, na nyingine, mpaka Manrong akaelewa kwamba haikuwa mianzi kamwe, kwamba tangu mchana ule wa kwanza walikuwa wamekaa wamewazunguka na mabakuli yao, wavumilivu, wakingoja kuandaliwa, na sasa walikuwa wanasogea kwa magoti, vichwa vizito vikiyumba juu ya shingo ambazo hazikufaa kubeba kitu, na kila walipogusa majani yalikunjamana kwa joto, na wote, wale aliowaona na wale aliowasikia tu wakimeza mate yasiyokuwepo, walikuwa wameelekeza nyuso kwa Kejian, na uso wa kila mmoja ulikuwa umeanza kufanana na wake.

Manrong aliweka bakuli jingine la wali mikononi mwa mumewe na kuifunga mikono ile kwa yake.

"Sema sasa," alimnong'oneza. "Hayupo mtu."

Kejian alitazama pale zilipokuwa simu. Alitazama muda mrefu. Midomo ilimcheza, ikatafuta ile sauti, haikuipata. Ilipotoka, ilikuwa sauti ya kawaida, yenye lafudhi ya kijijini kwao ambayo Manrong hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi.

"Nilijua," alisema. "Mama alinichapa, nilijua. Niliwaita na sina kitu. Sina chochote, Manrong. Nilikuwa nataka tu wanitazame." Akainama juu ya jiwe, akaweka wali kwa vidole, punje kwa punje, kama anayelisha ndege. "Kuleni. Nisameheni. Kuleni, muende."

Huixin alikuwa ameanza kusoma tena. Wakati gani, hakuna aliyejua. Wali ulibaki mweupe. Kisha haukuwepo. Pande zote za ua kukasikika kumeza, kumoja tu, kwa pamoja, na nyuma yake kimya halisi, kile ambacho watu walikuwa wamelipia na hawakuwahi kukipata.

*

Kejian alikula tambi chini ya mlima, kwenye kibanda cha kando ya barabara, bakuli la kwanza na la pili, jasho likimtoka, shingo yake ikiwa shingo. Manrong alimngoja ameze ndipo akamwambia kwamba ndoa yao imekwisha. Kejian alikuna lile kovu la kidole, akasema alishajua, akasema Manrong ana haki. Kwa muda mfupi alikuwa mtu ambaye mwanamke angeweza kumkumbuka vizuri.

Kisha akafuta mdomo, akatazama mbali, na sauti ikashuka.

"Unajua, Manrong, hili lililonipata linaweza kuwa somo kubwa sana kwa watu."

Hapo Manrong akajua mumewe amepona kabisa, akalipia tambi na kwenda kupanda basi.

Alipanga chumba na jiko ghorofa ya juu, mjini, chenye roshani inayotazama roshani nyingine. Alinunua sufuria moja na bakuli moja, akafurahia kwamba kila kitu kilikuwa kimoja. Majani ya ginko mjini yalikuwa yanaanza kugeuka rangi wakati mfanyakazi mwenzake, mwanamke mwerevu mwenye akili zake timamu, alipomwonyesha kwenye simu kitu ambacho, alisema, kimemsaidia sana kupunguza uzito. Ilikuwa video ya Peixian. Kejian aliyekonda, mzuri, amefumba macho, akigonga bakuli. Chini yake watu walikuwa wanashukuru, watu wasiohesabika, kutoka miji ambayo Manrong hakuwahi kufika. Walisema wanafanya na watoto wao. Wanafanya kila siku, kabla ya chakula cha jioni.

Jioni hiyo alipika wali na kufungua dirisha kutoa mvuke. Ilikuwa saa ya watu kula. Kutoka jengo la mbele ikasikika, ting. Ghorofa ya chini yake ikajibu. Kisha upande wa pili wa barabara, na nyuma ya hapo, mtaa kwa mtaa, kwa upole, kwa subira, mabakuli matupu ya mji mzima yakiita.

Harufu ya wali ulioungua ikaingia. Aliutazama wake, ulikuwa mweupe.

Hakufikiri sana. Alijaza bakuli lake lile moja, akalipeleka roshani, akaliweka sakafuni kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ndicho alichonacho. Akarudi ndani, akafunga mlango wa kioo, akasimama kwenye sinki kuosha sufuria akiwa ameupa mlango mgongo. Alisikia kumeza.

Akafunga bomba na kungoja.

Ting, lililia bakuli lake huko nje, kwa adabu, kama mgeni anayeomba kuongezewa.